Tusingoje maji yamwagike ndipo tuwafunze vijana

Mwanzoni mwa likizo moja aliletwa kwenye kliniki yangu msichana wa kidato cha pili. Mamake alieleza kwamba mtoto amekuwa akilalamikia tumbo na kizunguzungu karibu muhula mzima. Walikuwa wamenunua dawa za malaria dukani mara mbili na dawa za vidonda vya tumbo mara moja, lakini hakupata nafuu.

Nilimwomba mama atusubiri nje kidogo. Nilipompima binti tumbo, nilijua. Mimba ilikuwa ya miezi mitano hivi.

Nilipomwambia, hakulia. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza: "Lakini daktari, si walisema mara ya kwanza huwezi kushika mimba?"

Msomaji, huyu hakuwa mtoto mjinga. Alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza darasani mwake. Katika somo la biolojia alikuwa amefika kwenye mzunguko wa damu, na angeweza kukutajia sehemu zote za moyo bila kukosea. Lakini katika silabasi ya 8-4-4 mada ya uzazi hufundishwa kidato cha tatu. Mimba ilimfikia kabla ya silabasi kumfikia.

Nilikaa naye nusu saa nikamweleza mambo ambayo alistahili kuelezwa miaka miwili mapema. Alisikiliza kwa makini sana. Hata hivyo, nilikuwa kama mwalimu anayeingia darasani baada ya mtihani kukusanywa.

Hiyo ndiyo hali ya madaktari wengi humu nchini. Huwa tunawafunza vijana kuhusu miili yao wakati ambapo tayari wameumia. Kwa maoni yangu, kila shule ya sekondari, ya bweni au ya kutwa, ya umma au ya kibinafsi, inafaa kuwa na kipindi cha kila wiki cha kufunza afya, uhusiano na masuala ya ngono. Kiwe kwenye ratiba kama hesabu, kifunzwe na mtu aliyeandaliwa, na kiseme ukweli. Wengine huiita elimu ya jinsia, wengine elimu ya ngono au stadi za maisha. Jina halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba haifundishwi inavyopasa.

Tatizo si dogo

Kwa mujibu wa utafiti wa serikali kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2022, asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini Kenya walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika kaunti ya Samburu walikuwa asilimia 50, yaani nusu. Pokot Magharibi walikuwa asilimia 36, Marsabit 29 na Narok 28. Kule Nyeri na Nyandarua walikuwa asilimia 5.

Tofauti hiyo inafaa kutufungua macho. Msichana wa Samburu hana tamaa kuliko wa Nyeri. Kinachowatenganisha ni shule iliyo mbali, ufukara, ukeketaji na ndoa za mapema. Kwa hivyo wale wanaosema kuwa mimba za wasichana ni matokeo ya utovu wa adabu pekee hawajatazama takwimu hizo vizuri.

Mwili wa msichana wa miaka 14 au 15 haujawa tayari kuzaa. Nyonga yake aghalabu haijakomaa, na uchungu wa uzazi unaweza kuchukua muda mrefu kupita kiasi. Huyo ndiye anayeweza kupata nasuri, yaani tundu kati ya kibofu na uke, akawa anavuja mkojo mchana na usiku mpaka afanyiwe upasuaji. Yumo pia katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa cha mimba. Duniani kote, matatizo ya ujauzito na ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kuu zinazowaua wasichana wa miaka 15 hadi 19.

Isitoshe, kuna wale wanaojaribu kuitoa mimba vichochoroni. Hao hufika hospitalini wakivuja damu au wakiwa na joto jingi, na wengine hupoteza kizazi.

Kuna pia magonjwa ya zinaa. Kisonono na klamidia zinaweza kukaa katika mwili wa mwanamke bila dalili yoyote. Miaka kumi baadaye huja kwetu akiwa na mumewe, wakiuliza kwa nini hawapati mtoto. Tunapochunguza tunakuta mirija imeziba. Ni vigumu kumweleza mtu kwamba jambo hilo lilianza alipokuwa shuleni, na kwamba dawa za siku chache zingelimaliza wakati huo.

Maswali yaliyotoka ndani ya boksi

Wakati mmoja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule fulani ya sekondari. Mwalimu mkuu alinikaribisha kwa chai na kuniambia kwa upole: "Daktari, waelezee usafi na madawa ya kulevya. Hayo mengine usiyaguse sana, wazazi watanijia hapa."

Hata hivyo, mwalimu wa ushauri nasaha alikuwa amefanya jambo la busara. Alikuwa ameweka boksi mlangoni mwa maktaba kwa wiki nzima na kuwaambia wanafunzi waandike maswali bila kutia majina. Alinipa boksi hilo nikasoma karatasi moja baada ya nyingine kabla ya kuingia ukumbini.

Nitayataja machache hapa pamoja na majibu yake, kwa sababu huenda yako nyumbani kwako pia.

Mvulana mmoja aliandika: "Ni kweli kwamba mwanamume asipolala na msichana atapata maumivu ya mgongo?" La, si kweli. Hakuna ugonjwa wowote unaoletwa na kujizuia. Ndoto nyevu usingizini ni jambo la kawaida kwa mvulana anayebaleghe, wala si dalili kwamba mwili unadai ngono.

Mwingine aliuliza kama msichana akirukaruka baada ya tendo, au akijiosha kwa soda, mimba itatoka. La. Mbegu za mwanamume huingia kwenye mlango wa kizazi kwa muda mfupi sana, na hakuna soda wala maji ya chumvi yatakayozifuata huko. Kujiosha kwa vitu hivyo huumiza ngozi laini ya uke na kurahisisha maambukizi.

Kulikuwa na karatasi nne au tano kuhusu "siku salama". Wanafunzi wengi walidhani siku za hatari ni zile za hedhi yenyewe. Yai aghalabu hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwa msichana aliyevunja ungo juzi, mzunguko haujatulia. Mwezi huu siku 25, mwezi ujao 40. Anayetegemea kuhesabu siku katika umri huo anacheza kamari.

Wasichana kadhaa waliuliza kuhusu vidonge vya dharura, ambavyo wao huviita P2. Kumbe walivijua jina na bei, lakini hawakujua matumizi yake. Vidonge hivyo hufanya kazi vizuri vikimezwa mapema, na kwa kawaida visizidi saa 72 baada ya tendo. Haviondoi mimba iliyokwisha kushika, na havizuii virusi vya Ukimwi wala ugonjwa wowote wa zinaa. Msichana aliyevimeza akadhani ameepuka kila kitu amedanganyika.

Mvulana mwingine alitaka kujua kama aliyetahiriwa anaweza kuambukizwa virusi. Ndiyo, anaweza. Utafiti uliofanywa katika nchi tatu, mojawapo hapa kwetu mjini Kisumu, ulionyesha kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Kupunguza hatari si kuimaliza. Nalisema hili kwa sababu katika baadhi ya jamii mvulana aliyetoka jandoni huambiwa na wakubwa wake kuwa ni lazima atafute msichana wa "kupangusa masizi". Wanaompa ushauri huo hawatakuwapo siku ya kupimwa.

Karatasi ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja tu, umeandikwa kwa penseli: "Daktari, kama anayekulipia karo ndiye anayekusumbua, unaambia nani?"

Nilikaa na karatasi hiyo mkononi. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuwaambia vijana wajiepushe na mapenzi hadi wamalize masomo. Ni ushauri mzuri na bado nautoa. Lakini ungemsaidiaje mtoto huyu? Yeye hakuwa anatafuta mapenzi. Alikuwa anatafuta mtu mzima mmoja wa kumwambia.

Katika ukumbi nilijibu swali hilo kwanza, bila kusema limetoka wapi. Niliwaambia kwamba sheria ya makosa ya ngono ya mwaka 2006 haijali kama mtu huyo ni mjomba, mwalimu, mhubiri au mfadhili; wala haijali kama mtoto "alikubali". Aliye chini ya miaka 18 hana idhini ya kutoa. Anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20. Niliwaambia wazungumze na mwalimu wanayemwamini, na kwamba nambari 116 hupokea simu za watoto bila malipo. Niliwaambia pia kwamba aliyenajisiwa asioge, aende hospitalini mara moja, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28.

Nilipomaliza, mwalimu wa ushauri nasaha alibaki ukumbini. Wasichana wawili walibaki naye. Sikuuliza zaidi, na haikunipasa kuuliza.

Je, elimu hii huharibu vijana?

Hoja kubwa ya wanaopinga ni kwamba ukimfundisha kijana kuhusu ngono, atakwenda kujaribu. Naiheshimu hofu hiyo kwa sababu hutoka kwa wazazi wanaowapenda watoto wao. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari miaka ya katikati ya 1990, viongozi wa kidini walipochoma kondomu na vijitabu vya mafunzo hadharani jijini Nairobi. Wakati huo pia hoja ilikuwa hiyo hiyo. Ukimwi haukungoja tumalize kubishana. Kufikia Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, karibu kila ukoo ulikuwa na makaburi mapya. Ndipo masomo ya Ukimwi yakaingizwa shuleni.

Tangu hapo suala hili limechunguzwa sana. Shirika la UNESCO lilipokusanya tafiti za nchi nyingi katika mwongozo wake uliotolewa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2018, lilikuta kwamba elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Mara nyingi huwachelewesha, na wale walioanza hujikinga zaidi.

Lakini tuache ya ng'ambo. Mnamo mwaka 2004, watafiti walifanya uchunguzi katika shule 328 za msingi magharibi mwa Kenya. Katika baadhi ya shule, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa kitaifa wa Ukimwi, ambao ulisisitiza kujiepusha hadi ndoa. Katika shule nyingine, wanafunzi wa darasa la nane walielezwa jambo moja zaidi katika mazungumzo ya dakika 40: kwamba kiwango cha virusi ni kikubwa zaidi miongoni mwa wanaume wenye umri mkubwa kuliko miongoni mwa wavulana wa rika lao. Walionyeshwa takwimu zenyewe, umri kwa umri.

Matokeo yalikuwaje? Mafunzo ya walimu kuhusu mtaala ule hayakupunguza mimba. Lakini pale watoto walipoelezwa ukweli kuhusu wanaume wakubwa, mimba zilipungua kwa asilimia 28 katika mwaka uliofuata. Dakika 40 tu, msomaji.

Hawakupewa kondomu wala hawakuonyeshwa picha chafu. Walipewa habari ya kweli ambayo wangeweza kuitumia njiani wanapotoka shuleni. Wazee wanaowaita wasichana kwenye magari, wale ambao siku hizi vijana huwaita "sponsa", hutegemea msichana asijue habari hiyo.

Yule msichana niliyeanza naye alikuwa na miaka 15. Mwanamume aliyempa mimba alikuwa mwendeshaji bodaboda mwenye umri wa miaka 28, ambaye alikuwa akimbeba kwenda shuleni asubuhi bila kumtoza nauli. Kisa hicho kilifikishwa kwa polisi. Mtoto huyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nauli ya bure kila siku kutoka kwa mwanamume mzima ina bei yake.

Wengine hudai elimu hii ni mila za kizungu. Sikubaliani nao. Miongoni mwa Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya ajuza aliyewafunza mambo ya mwili na ya ndoa. Kule pwani, mwari alikuwa na somo wake. Wavulana walifunzwa jandoni. Wazee wetu hawakunyamaza. Walichagua nani aseme, aseme lini na aseme nini. Sisi tumewapeleka watoto bweni miezi mitatu kwa wakati, mbali na nyanya na shangazi, kisha hatukuweka mtu yeyote mahali pao. Pengo hilo limejazwa na simu.

Kwa nini si nyumbani pekee?

Wako wanaosema kazi hii ni ya mzazi. Ni kweli, mzazi ndiye wa kwanza. Lakini niruhusu nikiri jambo. Mwanangu mvulana alipotimu miaka 13, mimi, daktari ambaye huzungumza mambo haya na wageni kila siku, nilimwachia kitabu mezani nikatoka kwenda kuosha gari. Tulikula chakula cha jioni tukizungumzia kandanda. Ilinichukua miezi kadhaa kupata ujasiri wa kuanza.

Ikiwa mimi nilishindwa, vipi yule mama anayeuza mboga sokoni hadi saa mbili usiku? Vipi baba ambaye kwa desturi yake ni mwiko kuyataja hayo mbele ya bintiye? Na vipi mtoto ambaye hatari yake imo ndani ya nyumba hiyo hiyo? Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini ulimwengu wa leo una video chafu zinazoonekana kwa simu ya shilingi elfu chache, na katika video hizo hakuna anayeomba ruhusa, hakuna anayeugua, wala hakuna anayeshika mimba.

Kilicho kwenye karatasi na kilicho darasani

Mtu anaweza kuniuliza: si mambo haya tayari yamo shuleni? Yamo, lakini vipande vipande. Kuna kidogo katika biolojia, kidogo katika elimu ya dini, na kidogo katika stadi za maisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na taasisi za APHRC na Guttmacher, uliofanywa katika shule za sekondari za Nairobi, Mombasa na Homa Bay, ulifichua jambo la ajabu. Walimu watatu kati ya kila wanne walisema hufundisha mada zote za elimu hii. Kati ya wanafunzi, asilimia 2 pekee ndio waliosema wamefunzwa mada zote.

Siwalaumu walimu. Somo lisilotahiniwa humegwa na lile linalotahiniwa. Kipindi cha ushauri nasaha huwa cha kurudia hesabu. Mwalimu mwenyewe hakufunzwa alipokuwa kijana, na anaogopa kuitwa na halmashauri ya shule.

Aidha, tusidhani biolojia itatosha. Chini ya 8-4-4 mwanafunzi anaweza kuiacha akaendelea na sayansi nyingine mbili. Katika mtaala mpya wa umilisi, anayechagua mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu anaweza kumaliza bila kusoma biolojia hata siku moja. Je, atakayekuwa mwanamuziki hana mwili? Na hata anayeisoma hujifunza kuchora mirija ya uzazi, wala si namna ya kumwambia mtu "sitaki" mara ya tatu.

Kifundishwe nini?

Kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki kinatosha, mradi kisiibwe. Anayeingia sekondari aanze na mwili wake: kubaleghe, hedhi, usafi, ndoto nyevu, na haki ya kukataa kuguswa. Wavulana wafunzwe kuhusu hedhi pia, ili wakome kumcheka msichana aliyechafua sketi. Mwaka wa pili wafunzwe jinsi mimba inavyoshika, magonjwa ya zinaa, virusi vya Ukimwi, na hatari ya wanaume wakubwa. Waelezwe pia kuhusu kansa ya mlango wa kizazi na chanjo yake, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Kina mama wengi waliikataa kwa uvumi kwamba inaleta utasa. Binti anayeelewa leo ndiye mama wa kesho.

Baadaye waingie katika uhusiano: urafiki, wivu, vitisho, picha za utupu zinazosambazwa kwa simu, sheria inasema nini, na njia za kupanga uzazi kila moja na ukweli wake. Mvulana ajue kwamba naye anaweza kushtakiwa. Wote waambiwe wazi kwamba kungoja ndiyo njia salama zaidi. Wasitishwe kwa uongo, kwa sababu kijana akigundua uongo mmoja hatakuamini tena hata kwa ukweli.

Nani afundishe? Kila shule ichague walimu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wapewe mafunzo, na muuguzi wa zahanati iliyo karibu awatembelee kila muhula. Wazazi waonyeshwe yatakayofunzwa kabla ya muhula kuanza. Hapo wapinzani wana haki kamili: hakuna jambo linalofaa kufunzwa kwa siri. Wana haki pia wanapouliza kuhusu walimu wanaowawinda wanafunzi. Tume ya TSC ilitoa waraka kuhusu jambo hilo mwaka 2010. Mwanafunzi aliyefunzwa vizuri ndiye atakayemripoti mwalimu wa aina hiyo, na labda ndiyo sababu wengine hawataki afunzwe.

Ombi langu kwako

Ikiwa wewe ni mzazi, katika mkutano ujao wa wazazi usiulize kuhusu gharama ya basi la shule pekee. Simama uulize: "Mwalimu mkuu, mtoto wangu atafunzwa lini kuhusu mwili wake, na nani atamfunza?" Ukijibiwa kwamba hakuna nafasi kwenye ratiba, uliza ni mtihani gani utakaoufanya binti yako akiwa hospitalini.

Na jioni hii zima televisheni dakika kumi, uanze mwenyewe. Utagugumia. Nami niligugumia. Mtoto hatakumbuka ulivyogugumia. Atakumbuka kwamba kwako swali hilo linaulizika.

Yule msichana alijifungua salama, kwa upasuaji. Sera ya tangu mwaka 1994, iliyofanyiwa mwongozo mpya mwaka 2020, inamruhusu mzazi kijana kurudi shuleni, na mamake alihangaika mpaka akapata nafasi katika shule nyingine ya kutwa. Nyanya ndiye huleta mtoto kliniki kwa chanjo, kwa sababu mama yake huwa darasani. Mara ya mwisho alinitolea salamu za binti yake: amefika kidato cha tatu, na katika biolojia wanasoma mada ya uzazi.